Jina Alilosafiri Nalo Ramadhani

Mmeniuliza wote, kila mmoja kwa wakati wake: kisimani, kwenye mashine ya kukamua alizeti, hata msibani mtu alinivuta khanga huku nimeshika sufuria ya wali. "Mwajuma, vipi, yule kijana wamemrudisha?" Nimejibu vipande vipande mpaka sasa Mgori nzima kuna safari kama tano, na katika mojawapo nasikia nilipanda ndege. Sikupanda ndege. Naandika hapa mara moja, nanyi someni au msomeane, kisha mniache nipumzike.

Ramadhani Ntandu ni mdogo wangu wa mwisho. Nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno. Alipofeli darasa la saba, marehemu baba alifanya walivyofanya wazazi wengi wakati ule: alimpeleka kwa shangazi, upande wa Ikungi, akarudie darasa kwa jina la mtoto mwingine aliyekuwa ameacha shule. Jina lenyewe lilikuwa Daudi Sungi. Ramadhani alifaulu kwa jina hilo, akasoma sekondari kwa jina hilo, akaweka alama za vidole kwenye kitambulisho cha taifa kwa jina hilo, na pasi ya kusafiria ikafuata mkondo huohuo. Nyumbani tuliendelea kumwita Rama na hakuna aliyeona tatizo. Msinikunjie uso. Nani kati yenu hana ndugu wa namna hiyo?

Miaka miwili iliyopita alikwenda nchi moja ya mbali huko Asia, kwenye kazi ya kompyuta aliyoiona kwenye simu. Kazi yenyewe ilikuwa jengo lenye uzio wa umeme, na humo walilazimishwa kutapeli watu mtandaoni, asiyefikisha lengo la siku anapigwa. Mwaka huu wanajeshi wa huko walivunja lile jengo wakawatoa, wakawaweka kambini. Nchi yao na nchi yetu zikakubaliana kwamba kila Mtanzania ambaye taarifa zake zinalingana huku na kule atapanda ndege ya kurudi. Asiyelingana atabaki, na atashtakiwa pamoja na matapeli.

Wanajeshi walipomuuliza jina, mdogo wangu alisema Ramadhani Ntandu. Wakachukua vidole vyake, wakavituma huku, na mashine yetu ikajibu kwamba vidole hivyo ni vya Daudi Sungi.

Aliyenieleza haya kwa simu ni Bi. Upendo, afisa wa ofisi moja ya serikali kule Dodoma inayoshughulikia Watanzania walioko nje. Ilikuwa Jumapili, nami nikamsimulia habari ya lile jina la shule. Alisema orodha inafungwa Alhamisi saa nne asubuhi na ndege inaruka Ijumaa. "Mama, mlete huyo Daudi mwenyewe, aje na karatasi yoyote inayoonyesha alikuwepo kabla ya huo uongo. Tutaona la kufanya." Mimi nilisikia "tutamrudisha". Mtu husikia anachotaka.

Mgori mpaka Singida mjini

Jumatatu niliondoka kwenye fuso la vitunguu, kwa kuwa gari la abiria lilikuwa halijaja na hakuna aliyejua litakuja lini. Mvua ilikuwa imenyesha, na kabla ya saa tatu tulishazama kwenye tope. Dereva alituteremsha tukate matawi. Tulikata, tukasukuma, likatoka, likazama tena mbele kidogo. Nililia palepale nimeshika tawi la mnyaa, na utomvu wake ukaniwasha mikono mpaka jioni.

Tuliposimama mara ya tatu, mama mmoja aliyekuwa na tenga la kuku aliniuliza nakimbilia wapi. Nikamwambia namtafutia njia mdogo wangu aliyekwama Asia. Akauliza, "Asia yupi, yule wa Mtinko aliyeolewa na fundi baiskeli?" Nikacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nilipomweleza vizuri, akanipa kiazi kitamu cha kuchemsha. Akasema mwanawe naye ameahidiwa kazi kwenye simu na watu asiowajua. Nikamwambia amfungie ndani. Akasema ana miaka ishirini na sita, atamfungia vipi?

Mjini nilifika saa nane badala ya saa nne, tope mpaka magotini. Gari la Ihanja, kule shangazi alikoniambia Daudi anaishi, lilikuwa limejaa, nikasimama njia nzima.

Ihanja

Nilivyomfikiria Daudi Sungi sivyo nilivyomkuta. Kichwani nilikuwa na mtoro wa shule, mtu wa pombe. Nilimkuta mwanaume mwembamba, mpole, anapepeta alizeti na mkewe, shati limefungwa vifungo vyote. Mama yake alikuwa kaketi mlangoni. Nikampa shikamoo, nikakaribishwa kigoda, nikaulizwa habari za Mgori, za mvua, za mifugo. Ilichukua muda mrefu kabla sijapewa nafasi ya kusema kilichonileta, na nilipokisema, mkewe aliacha ungo.

"Kumbe ndio ninyi," akasema. "Wezi wa jina."

Daudi alimnyamazisha kwa mkono. Akanieleza bila kupandisha sauti. Shule aliiacha kwa sababu baba yake aliugua na ng'ombe walikosa mchungaji, na hakuna aliyemwambia kwamba jina lake limeendelea na masomo. Alikwenda kujiandikisha kitambulisho, mashine ikasema Daudi Sungi, mwana wa fulani, mzaliwa wa mahali fulani, ameshasajiliwa. "Nikamwambia yule binti, mbona mimi niko hapa mbele yako? Akasema mfumo ndivyo unavyosoma." Tangu hapo laini ya simu anatumia ya mkewe. Mbolea ya ruzuku anachukuliwa na shemeji yake, ambaye huchelewa kuileta. Aliwahi kupata kazi ya ulinzi mjini, wakataka namba ya kitambulisho, akarudi nyumbani.

Niliona aibu kweli. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza Daudi Sungi anaishi wapi. Nilidhani jina la mtoro ni kama kiatu kilichotupwa jalalani.

Mama yake alisonga ugali wa mtama, tukala na mlenda. Hata mkewe alinisogezea bakuli, ingawa hakuniangalia. Tulipomaliza, Daudi akanawa mikono akasema, "Nitakwenda. Lakini tuelewane, dada yangu. Naenda kwa ajili yangu. Siendi kwa ajili yake."

Nikasema hilo ni haki yake. Nilikuwa tayari kukubali lolote.

Kilimatinde

Karatasi ya kuonyesha alikuwepo ilikuwa Kilimatinde, kwa sababu mama yake ni mtu wa huko na Daudi alibatizwa huko akiwa mchanga. Tulipanda basi Jumanne asubuhi. Kabla ya kufika Manyoni likakatika mkanda wa injini, tukakaa kando ya barabara saa nne nzima tukimsubiri fundi aliyesemekana yuko njiani. Watu walinunua karanga, wakalala kwenye majani, wakagombana na kondakta, wakapatana naye. Daudi hakulalamika hata mara moja, nami nikawa nalalamika kwa niaba yetu wote wawili.

Manyoni tulichukua bodaboda mbili. Tulipofika misheni jua lilikuwa limeanza kulala. Karani wa kanisa, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitutazama kwa zamu: mwanaume mwenye msalaba mdogo shingoni na mwanamke mwenye ushungi. Tukamwambia tunahitaji cheti cha ubatizo cha Daudi, na tunakihitaji haraka.

Akashusha pumzi. "Wanangu, mambo haya hayataki haraka. Huyu bibi, wazazi wake wanajua?"

"Wanajua nini, mzee?"

"Na mafundisho ya ndoa ameshaanza?"

Daudi alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimweleza mzee kwamba nina mume Mgori, na kama angeyasikia hayo angekuja na fimbo. Alitahayari sana. Ili kujikosha alitufungulia ofisi muda ukiwa umepita, akatoa daftari kubwa lenye jalada la ngozi, akapekua ukurasa kwa ukurasa akilamba kidole. Jina lilikuwepo: Daudi, wa Sungi, na mama, na msimamizi, na sahihi ya mchungaji kwa wino uliogeuka kahawia. Daudi aliinama akalisoma, kisha akalisoma tena. Mzee alinakili kwa mkono, akagonga muhuri.

Nilimuuliza mzee kama hana kwenye kompyuta. Akasema walikuja vijana kuyapiga picha madaftari yote, wakaahidi kurudi, nao hawajarudi. Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya misheni, vyumba tofauti, na yule mzee alihakikisha mwenyewe.

Manyoni mpaka Dodoma

Jumatano gari lilichelewa tena, safari hii kwa mizigo. Ndani ya basi nilikaa na mzee mmoja nadhifu, mstaafu, aliyekuwa dereva kwenye balozi zetu za nje miaka mingi. Alinunua kuku wa kukaanga dirishani, akatugawia mapaja bila kuulizwa. Nilipomsimulia shida yangu, alifuta vidole taratibu.

"Zamani zetu," alisema, "kijana akishikwa ugenini, balozi alipanda gari nikampeleka kwa waziri wa kule. Wanakunywa kahawa. Wanaulizana watoto. Mimi nasubiri nje na dereva mwenzangu, nasi tunaulizana watoto. Kesho yake kijana anaachiwa. Balozi akisema huyu ni wangu, basi ni wake. Neno lake lilitosha."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi mashine yao inauliza mashine yetu. Balozi naye anasubiri jibu kama wewe." Akatafuna kidogo. "Sasa nikupe ushauri wa dereva. Mashine haitaki ukweli, mama. Inataka vitu vifanane. Usiende na ukweli mwingi."

Nilikasirika kimoyomoyo. Nilikuwa na cheti chenye muhuri mkobani, nilikuwa na Daudi mzimamzima pembeni yangu, halafu mtu ananiambia ukweli umezidi! Nilimshukuru kwa kuku nikageukia dirishani.

Dodoma

Alhamisi saa mbili kasoro tulikuwa getini. Mlinzi alituuliza tumekuja kwa ajili gani. Nikasema mambo ya mtandao na watu walioko nje. Akatuonyesha ukumbi mkubwa, wala hatukubisha, si mlinzi ndiye ajuaye? Mlangoni binti mchangamfu alituuliza majina, akayaandika kwenye kompyuta, mashine ikatema vitambulisho vya kuvaa shingoni. Tukapewa begi la kitambaa, kalamu, chai na sambusa.

Daudi alishika kile kitambulisho kwa mikono miwili. DAUDI SUNGI, herufi kubwa, na chini yake MSHIRIKI. Akakivaa akakinyoosha kifuani, nami sikubandua macho kwake.

Mbele mtu wa suti alikuwa anasema juu ya utawala wa mtandao, kwamba nchi za Afrika zikae kwenye meza zinakoandikwa kanuni, kwamba raia asiachwe nyuma. Yalikuwa maneno mazuri. Akaomba maswali, nami, nikidhani ndio utaratibu wa ofisi, nikanyanyuka. Nikauliza: mtu akisema jina lake na mashine ikasema jina jingine, anayesikilizwa ni nani? Yule bwana akasema, "Tunamshukuru mama kwa mchango mzuri sana, umeingia kwenye kumbukumbu." Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba si hapa. Ilikuwa saa tatu na robo.

Ofisi ya Bi. Upendo ilikuwa jengo la pili, tukaikimbilia na mabegi yetu ya kitambaa. Ni mwanamke wa makamo, macho yamechoka. Alipokea cheti cha ubatizo, akakisoma chote kwa heshima, akamtazama Daudi, akamwambia pole. Kisha akafunga mlango.

"Nitawaeleza kama ninavyowaeleza ndugu zangu," alisema. "Nikiiingiza karatasi hii, mfumo utafunga rekodi ya vidole kwa uchunguzi. Uchunguzi ni miezi. Mtu aliye kwenye uchunguzi hakai kwenye orodha. Huyu Daudi atapata haki yake siku moja, lakini ndugu yako hatapanda ndege."

"Na usipoiingiza?"

"Saa tatu na nusu tuna simu ya video na kambi. Watamuuliza jina. Akitaja jina lilelile ambalo vidole vyake vinasema, vitu vinafanana, kesho anaondoka. Ila huyu hapa hataweza tena kuja kudai. Nitakuwa nimethibitisha mwenyewe kwamba Daudi Sungi ni yule." Akaweka cheti mezani katikati yetu. "Mimi siwezi kuwaambia mseme nini."

Nilimwangalia Daudi, na sikuona haya kumwangalia. Alijua ninachoomba. Alitoka nje. Kupitia kioo nilimwona amesimama kwenye korido, mkono juu ya kile kitambulisho cha karatasi, watu wa warsha wakimpita na kumsalimia kwa jina, "Habari, ndugu Sungi," naye anaitikia.

Akarudi. "Huko watamfunga miaka mingapi?"

Bi. Upendo akasema hajui, lakini si michache.

Daudi akavua kitambulisho, akakikunja, akakitia mfukoni. "Basi aje nalo," akasema. "Nimeishi bila hilo jina mpaka leo."

Nilipiga magoti. Akaninyanyua kwa hasira, akasema nisimfanyie hivyo.

Saa tatu na nusu kioo cha kompyuta kikawaka. Kwanza alionekana afisa wa kule, sare imenyooka, kisha wakamsogeza mdogo wangu. Alikuwa amenyolewa, mashavu yamebonyea, na jicho moja halifunguki vizuri. Aliponiona alicheka, pengo mbele. Nikaanza kumwambia kwa Kinyaturu aseme yeye ni Daudi, lakini Bi. Upendo akanishika mkono: mazungumzo yanarekodiwa, lugha iliyokubaliwa ni Kiswahili, lugha nyingine wanakata. Na kweli yule wa sare alishainua kidole.

Aliyeuliza hakuwa mtu. Ilikuwa sauti ya mashine ya kutafsiri, Kiswahili kilichonyooka kisicho na kwao. "Tafadhali thibitisha jina lako kamili."

"Ramadhani Ntandu."

Kwenye kioo cha Bi. Upendo ukatokea mstari mwekundu. "Jina halilingani. Una nafasi mbili. Tafadhali thibitisha jina lako kamili."

Nikatikisa kichwa mbele ya kamera. Nikaunda neno kwa midomo: Daudi. Aliniona, na nina hakika alielewa.

"Ramadhani Ntandu," akasema.

"Jina halilingani. Una nafasi moja."

Nikapiga kelele. "Sema wewe ni Daudi! Daudi Sungi! Yuko hapa, amekubali, sema tu!"

Alizungumza polepole, ananiangalia mimi, siyo kamera. "Dada, kule ndani nimekuwa Maria. Nimekuwa daktari wa meli. Nimekuwa mjane mwenye watoto wawili. Kila asubuhi wananipa simu na jina, nikikosea kuliitikia napigwa. Watu wazima wamenililia kwa majina hayo, nikawanyang'anya kila kitu. Nililala chini nikaapa, nikitoka humu sitaitikia tena jina la kupewa. Na wewe, dada, unanipa jingine?"

Mashine iliuliza mara ya mwisho, akajibu alivyojibu mwanzo, ikamshukuru kwa ushirikiano wake, na kioo kikawa cheusi. Saa nne orodha ikafungwa.

Kurudi

Bi. Upendo alikuwa analia, ila aliendelea kuchapa. Kwa kuwa majibu yamepingana mara tatu, rekodi ilijifunga yenyewe. Kwa hiyo Daudi naye hana jina, na yule wa kambini hana. Cheti alituandikia kwamba kimepokelewa, uchunguzi utaanza. Nilimuuliza tutajulishwa lini. Akasema mfumo utatuma ujumbe, kisha akakumbuka kwamba laini ni ya mke wa Daudi.

Manyoni Daudi alinunua mahindi ya kuchoma akanipa moja, nikalishika mpaka likapoa. Aliposhuka alinipa mkono akasema nimsalimie mama yangu. Nilitaka kumwomba msamaha kwa baba yangu, kwa mdogo wangu na kwa yale magoti, lakini kondakta alikuwa anapiga bodi ya basi tuondoke.

Mama nimemwambia kwamba Ramadhani yu hai, ametoa salamu, na kurudi kwake kumesogezwa mbele. Ameuliza kama amenenepa. Nimesema kidogo. Yale aliyoniuliza mimi sijamweleza mama, nanyi mkishayasoma msimweleze.

Wengine mmesema alikuwa na kichwa kigumu, angesema neno moja tu akaja, mengine yangerekebishwa nyumbani. Nami nilisema hivyohivyo, njia nzima kutoka Dodoma, na bado kuna asubuhi naamka nikimkasirikia. Siku ya ndege nilikaa uani nikitazama juu kama mjinga.

Naambiwa msikitini na kanisani mnamwombea, nami nawashukuru. Mkimwombea, mtajeni Ramadhani Ntandu. Mimi dada yake nililikataa jina hilo mbele ya watu, na yeye alinisikia.